Mbio Mbili za Jumapili Moja

Kisii Mjini
Alhamisi, 22 Mei 2025

Kwa Mzee Nyasani,

Shikamoo. Hunijui, na mimi sikujui vizuri, kwa hiyo nianze na salamu, maana salamu hazijawahi kumdhuru mtu. Huku kwetu tuna afya. Baba yangu, Mzee Warsame, anasumbuliwa na magoti, lakini kila asubuhi anakuja dukani, anakaa kwenye kiti chake na kunikosoa ninavyopima vitambaa. Mume wangu Abdimajid yuko salama. Mdogo wangu Asli amemaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya uuguzi. Natumaini na kwenu mko hivyo, na chai inachipua.

Loice, mshonaji wa sare za shule anayenunua kitambaa kwangu kila Alhamisi, leo amekuja na tangazo akaomba nilibandike mlangoni. Mbio za hisani, kilomita nne, Jumapili tarehe 24 Agosti, kuchangia daraja la miguu la watoto wa shule. Chini kabisa limeandikwa: Mwenyekiti wa kamati, Mzee Job Nyasani. Nikamuuliza huyo mwenyekiti ni mtu wa namna gani.

"Mzee mrefu," akasema. "Alikuwa karani wa kituo cha majani chai. Saa yake haikosei."

Nikamuuliza kama mzee huyo aliwahi kuwa na dada aitwaye Nyakerario. Akasema yeye ameolewa tu huko Kebirigo, mambo ya zamani hayajui.

Mimi ni mtoto wa Nyakerario, yule wa kwanza. Nilikuja kwenu mara moja, nikiwa na miaka sita, mama alipokuja kumwona magokoro, yaani bibi yangu, akiwa mgonjwa. Nakumbuka tulipewa chai tukiwa tumesimama uani. Nakumbuka pia mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni. Nadhani ulikuwa wewe.

Nambari yako ya simu iko kwenye tangazo, lakini niliona kukupigia ghafla ni kama kukuvamia. Barua unaweza kuiweka kando ukitaka.

Shida iliyonifanya niandike ni hiyo tarehe. Asli na wenzake wameandaa mbio zao siku hiyo hiyo, kilomita tano, kutoka uwanjani kupanda kilima cha Nyanchwa na kurudi, ili wapate gari la kwenda vijijini kukusanya damu ya kuwekea wagonjwa. Je, za kwenu haziwezi kusogezwa wiki moja, ili watu wapate nafasi ya kwenda zote?

Loice, anayekubebea barua hii, atakuja tena Alhamisi.

Ruqiya Warsame


Kebirigo, Nyamira
24 Juni 2025

Kwa Bi. Ruqiya Warsame,

Barua yako niliipata siku ile ile uliyoiandika, jioni. Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa tukipogoa chai na vibarua ni wachache. Mimi na mke wangu Bochaberi hatujambo. Ng'ombe mmoja amezaa ndama jike. Mvua inanyesha kila alasiri, na barabara imekuwa uji.

Kuhusu tarehe, kamati ilikaa na haiwezekani kuisogeza. Agosti shule zimefungwa na watoto wako huru. Jumamosi ni Sabato kwetu sisi Waadventista, na padri wa Wakatoliki amekubali Jumapili baada ya misa ya kwanza. Kuwakubalisha wote hao kulichukua miezi minne. Nikiigusa siku hiyo sasa, kila kitu kitabomoka.

Kwa maoni yangu mtu hawezi kukimbia mbio mbili siku moja. Kila mtu akimbie za kwao.

Kiswahili chako ni kizuri.

J. Nyasani
Mwenyekiti

Ndizi hizi alizobeba Loice zimetoka kwa Bochaberi. Mimi sikumtuma.


Kisii Mjini
3 Julai 2025

Mjomba Nyasani,

Shikamoo. Mshukuru sana mama Bochaberi. Zile ndizi zimeliwa na watu wote wa mtaa huu. Asli yuko nyumbani kwa likizo fupi, anakula kama kibarua. Abdimajid ana mafua. Huku nako mvua haituachi, na vitambaa vyeupe navifunika kwa nailoni mchana kutwa.

Baba alikula ndizi tatu, kisha akauliza zimetoka wapi. Nikamwambia. Aliweka maganda kwenye sahani polepole, akanawa, akaenda kuswali. Aliporudi alisema, "Yule mtu yu hai?" Nikamjibu yu hai na ni mwenyekiti wa kamati. Akacheka kidogo. Halafu akanieleza jambo ambalo hajawahi kunieleza, na mimi nina miaka thelathini na tatu.

Unajua mama alifariki alipomzaa Asli, Machi 2006. Alitokwa na damu nyingi, na damu ya kundi lake ilikuwa adimu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na hayo tu ndiyo niliyoambiwa. Sasa baba anasema siku ile, mchana, alikuandikia karatasi akampa dereva wa lori la majani chai aliyekuwa akirudi kwenu, kwa sababu daktari alitaka ndugu wa mama wa tumbo moja waje kupimwa. Baba hajui kama karatasi ile ilifika.

Naomba uniambie, mjomba. Ilifika?

Umesema kila mtu akimbie za kwao. Nimelifikiria sana neno hilo. Za kwetu ni zipi? Nimezaliwa Kisii, baba ni Warsame, mama ametoka kwenye chai yenu. Nimeamua kukimbia zote mbili. Asubuhi kilomita tano hapa, kisha nije huko kwa zile nne. Asli amesema naye atakimbia zote, ingawa amenicheka mpaka akakaa chini, maana mara ya mwisho mimi kukimbia nilikuwa namfukuza mbuzi aliyeingia dukani.

Tuandikishe wawili.

Ruqiya


Kebirigo, Nyamira
30 Julai 2025

Kwa Ruqiya,

Salamu kutoka kwa Bochaberi, ambaye amekuwa akiniuliza kila siku kama nimekujibu. Ndama anaendelea vizuri. Mimi nilikohoa wiki mbili, sasa nimepona.

Nimewaandikisha. Nambari zenu ni 118 na 119.

Ni vizuri mjue mnakimbilia nini. Hapa kati ya kijiji na shule kuna mto. Si mkubwa, ila ukijaa hauna huruma. Tulikuwa na magogo mawili yaliyofungwa kwa waya. Aprili mwaka jana maji yaliyabeba watoto wakiwa wanavuka. Binti mmoja wa darasa la nne, Lavender, alishika mzizi mpaka wachuma chai wakamvuta. Hakuna aliyekufa. Tangu hapo watoto wanazunguka kwa barabara kubwa, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Mbio zetu zinatoka sokoni, zinapita katikati ya mashamba, zinashuka mpaka mtoni. Pale tumepigilia kigingi mahali daraja litakapokaa. Kila mkimbiaji atakigusa na kurudi sokoni, kwa sababu hakuna pa kuvukia.

Nanyi ni wageni wa mbio, kwa hiyo sikilizeni. Kunywa uji asubuhi, usile chapati. Mlima upande kwa hatua fupi. Ukiteremka kwetu weka mguu kwenye majani, usikanyage udongo mwekundu, unateleza kama sabuni. Tunaanza saa tano kamili. Sisemi saa tano na robo.

Umeuliza swali moja. Nimelisoma. Nimeandika jibu mara mbili nikalichana. Niachie kwanza.

J. Nyasani


Kisii Mjini
14 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima, baba anakusalimu. Ndiyo, anakusalimu, nimeandika alivyosema.

Zetu zinaanza saa moja asubuhi. Saa mbili na nusu tutakuwa tumemaliza, Abdimajid atatuleta kwa pikapu yake. Tutafika mapema hata tunywe maji.

Sitarudia swali langu.

Ruqiya


Kisii Mjini
28 Agosti 2025

Mjomba Nyasani na mama Bochaberi,

Shikamoo nyote. Tulifika salama Jumapili ile jioni. Asli amerudi chuoni akitembea kama bata. Mimi nashuka ngazi kinyumenyume. Baba anaona raha sana kunitazama. Kila mteja akiingia anamwambia, "Huyu amekimbia kilomita tisa," kisha ananyamaza asubiri mteja ashangae.

Ninawadai maelezo ya kwa nini tulichelewa, maana siku ile hukuuliza, mjomba, na mimi sikuwa na pumzi ya kueleza.

Tulikuwa uwanjani saa kumi na mbili na nusu. Watu wapatao mia tatu. Saa moja ikafika, hatukuanza. Tukaambiwa mgeni wa heshima yuko njiani. Saa mbili, yuko njiani. Asli na wenzake walikuwa karibu kulia, na mimi nilikuwa natazama saa nikikuona wewe ndani yake. Mgeni alifika saa tatu kasorobo, akahutubia. Tulipoachiliwa ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Nilivaa suruali pana, gauni la mikono mirefu mpaka magotini, na mtandio niliofunga kwa pini nne. Mwanamke mmoja kwenye njia panda ya Nyanchwa akapiga kelele, "Mama, unaenda mbio au arusi?" Nikamjibu, "Naenda zote mbili, nipishe!" Watu wakacheka, nami kicheko kile kikanisukuma mita mia. Kile kilima, mjomba, nilikipanda kwa hatua fupi ulivyosema. Mbele ya kanisa walitoka akina mama wakatupa maji. Mmoja aliniambia kwa Ekegusii nijikaze, nami nikaelewa, na nikajishangaa kwa kuelewa. Mama alikuwa akinisemesha hivyo nilipokuwa mdogo. Baada yake hakuna aliyeendelea.

Nilimaliza nikiwa wa mia mbili na kitu. Asli alikuwa amemaliza zamani, amenisubiri na ndizi. Abdimajid alikuwa na injini inanguruma. Saa nne na dakika tano tukaondoka. Bado tungewahi, lakini ile njia ya vumbi baada ya Nyamira mjini ilikuwa imegeuka tope, na lori lilikuwa limelala katikati. Tukangoja livutwe. Saa tano ikapita tukiwa pale. Asli akasema, "Turudi tu. Yule mzee hatatungoja." Nikamwambia hatukuja kungojwa, tumekuja kukimbia.

Tulipofika sokoni, watu walikuwa wanakunywa soda na washindi wanapiga picha. Tukaanza peke yetu. Hakuna aliyetupigia makofi isipokuwa mtu mmoja mlevi. Katikati ya mashamba yenu kulikuwa kimya, nikasikia pumzi yangu na ya Asli tu. Pale mtoni tulikigusa kile kigingi. Asli alisimama akatazama maji, akasema, "Hapa ndipo mama alikuwa akivuka kwenda shule?" Nikasema nadhani ndiyo. Alichota maji akanawa uso. Kisha tukageuka kuupanda ule mlima, na nusu yake tuliutembea, sitakudanganya.

Tulipokaribia soko niliona utepe bado uko, na wewe umesimama ukiwa umeshika ncha moja.

Asante kwa chai na kwa viti. Sina la ziada kwa leo.

Ruqiya


Kebirigo, Nyamira
17 Septemba 2025

Mpwa wangu Ruqiya,

Sisi wazima. Bochaberi ameanza kumsukia Asli kikapu, anasema mtoto yule ni mwembamba na hana pa kuwekea vitu. Mimi sikuona uhusiano wa mambo hayo mawili, lakini nimenyamaza. Fundi wa daraja amekuja kupima mto.

Wewe ulinieleza ya Kisii ambayo sikuyaona. Na mimi nikueleze ya hapa ambayo hukuyaona.

Saa tano kamili nilipuliza filimbi. Nilitazama barabara, pikapu haipo. Ningeweza kungoja, nami ndiye mwenyekiti. Sikungoja. Nilijiambia, watu wa upande ule hata wakiahidi hawaji. Ndivyo nilivyosema moyoni, nakuandikia ujue. Washindi walirudi, zawadi zikatolewa. Kisha nikamwona binti mwenye mtandio na mwanamke mwenye mtandio wanaingia njia ya mashamba, nyuma ya watu wote. Duke, yule wa kipaza sauti, alikuwa ameshaanza kufungua utepe. Akasema, "Mzee, watu wamekwisha."

Nikamwambia, "Hawajakwisha. Acha utepe."

"Sasa nani ashike upande ule?"

Bochaberi akatoka kwenye masufuria akashika.

Mlipotokea kona ya mwisho, nilimtafuta dada yangu usoni mwa Asli. Nilikuwa nimejiandaa kumwona. Sikumwona. Yule mtoto ni Warsame mtupu, paji la uso, pua, hata kutembea. Nilisikia hasira ya zamani ikirudi. Ndipo akakata utepe, akainama kushika magoti, akatapika kidogo kwenye nyasi, akainua kichwa na kuniambia, "Samahani mjomba, nimekuchafulia." Hasira ile sijui iliponyokea wapi.

Na mimi nikasema, "Mmechelewa dakika arobaini na saba." Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa watoto wa dada yangu baada ya miaka yote hiyo. Nimelala nalo na kuamka nalo. Nisamehe.

Swali lako. Karatasi ilifika.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja jioni. Tulikuwa tunapima majani, foleni ndefu. Dereva alinipa mkononi. Niliisoma yote. Imeandikwa kwa Kiswahili: Nyakerario amejifungua, hali ni mbaya, njoo leo upimwe damu. Nikaikunja nikaiweka mfukoni pamoja na kalamu, nikaendelea kupima. Nilijiambia nikimaliza nitaenda. Nilipomaliza nikajiambia sasa magari yamepungua. Ukweli ni kwamba magari yalikuwepo. Nilikuwa nawaza: alipotuacha akaolewa na Warsame hakutuuliza, sasa anapotaka damu ndio anatukumbuka. Nilikula, nikalala. Asubuhi nilishindwa kunywa chai. Nikamwambia Bochaberi naenda kiwandani, nikapanda gari la Kisii.

Pale hospitalini wakaniambia amefariki alfajiri. Nikaelekezwa makaburi ya Waislamu, maana huzika siku hiyo hiyo. Nilifika nikasimama nje ya uzio, wanaume walikuwa wanasukuma udongo. Sikuingia. Ningeingia nikawaambia mimi ni nani? Nilisimama mpaka walipomaliza, nikarudi nyumbani.

Bochaberi amejua haya wiki hii tu. Jioni ya siku niliyomweleza aliniletea karatasi na kalamu akasema, "Mwandikie."

Nimeandika. Ukitaka tusiandikiane tena nitaelewa.

Nyasani, ndugu wa mama yako


Kisii Mjini
2 Oktoba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Wote wako salama. Kikapu kimefika, Asli amekipeleka chuoni na wenzake wanakitamani.

Loice aliniuliza Alhamisi iliyopita kama nina jibu, nikamwambia sina. Nilikuwa nimekasirika, mjomba. Sikuweza kukuandikia salamu nikiwa hivyo. Nilihesabu saa: kumi na moja jioni mpaka alfajiri. Kutoka kwenu mpaka hapa hata kwa gari bovu ni saa mbili. Nilimfikiria mama akitazama mlango. Nilivunja sahani, kisha nikaja nikaketi dukani nikapima vitambaa vibaya, na baba hakunikosoa. Ndipo akajua kuna jambo.

"Nisomee," akasema.

Nikasema ni barua ya mambo ya daraja. Akasema, "Ruqiya, nisomee."

Nikamsomea yote, hata ile sehemu ya pua yake. Hapo alitabasamu. Nilipofika kwenye uzio wa makaburi akainua mkono nisimame.

"Nilimwona," akasema.

Nikadhani sikusikia.

"Nilimwona siku ile. Mtu mrefu, amevua kofia, amesimama nje kwenye umande wa nyasi ndefu. Nilijua ni nani. Mkono wangu ulikuwa umeshika koleo. Ningemwita angekuja, niliona kwenye mabega yake kwamba angekuja. Sikumwita. Nilitaka arudi na uzito wake." Kisha akasema, "Nimekaa na hilo miaka kumi na tisa. Nikakwambia sijui kama karatasi ilifika. Nilijua ilifika, kwa sababu alikuja."

Nilimuuliza kwa nini alinidanganya. Akasema kama angeniambia ulikuja, ningeuliza kwa nini hakukukaribisha.

Sijui nimsamehe nani kwanza, kwa hiyo nimewapa chai nyote wawili moyoni na kuwaacha mkae. Hasira yangu haijakwisha yote. Imepoa. Naweza kukuandikia.

Baba anasema uje. Si kwenye kaburi kwanza, uje nyumbani, kaburi mtakwenda pamoja. Jumapili ya tarehe 9 Novemba, ili Sabato yako ipite. Nitapika. Njoo na mama Bochaberi.

Ruqiya


Kebirigo, Nyamira
12 Novemba 2025

Mwanangu Ruqiya,

Tulifika nyumbani saa mbili usiku, wazima. Bochaberi anasema ule wali wako ameuota, na anataka kujua uliweka nini kando na iliki. Ndama amevunja uzio akala mboga. Nguzo za daraja zimesimama upande mmoja, sasa wanachimba wa pili.

Nakuandikia kwa sababu najua Warsame hatakueleza, na Asli nilimsihi aniachie mimi. Wewe na Bochaberi mlikuwa jikoni. Ulidhani tumechelewa kula kwa sababu tulikaa sana makaburini. Hapana. Makaburini tulikaa kidogo tu. Alinionyesha mahali, akasema, "Ni huyu." Nilisimama ndani ya uzio. Yeye aliomba kwa njia yake, mimi kwa yangu, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.

Tulipokuwa tunarudi tulipita karibu na uwanja, na pale kulikuwa na hema la wachangiaji damu, Asli yumo ndani amevaa koti jeupe. Nilisimama. Nikamwambia Warsame, "Ningoje hapa." Nikaingia nikaketi, nikakunja shati.

Dada mmoja akaniuliza umri. Nikasema sitini na saba. Akasema, "Mzee, asante sana, lakini mwisho ni sitini na tano." Nikamwambia nina nguvu kuliko vijana wake. Akasema hata hivyo. Basi Warsame akaingia, amechoka kusimama kwa magoti yale, akasema, "Chukueni yangu." Akaulizwa umri. Sabini na moja. Wakatucheka kwa upole, wakatuweka kwenye benchi la nje na kutupa soda moja moja, zile wanazopewa waliotoa damu. Tulikaa pale tukinywa soda ambazo hatukuzifanyia kazi.

Asli akatoka akatukuta. Nikamuuliza, "Kuchangia siwezi. Kupimwa kundi tu, je?"

"Hiyo naweza, mjomba. Ni tone moja la kidole."

Warsame aliweka soda chini. "Wacha, Asli," akasema. "Haina haja."

Kwa kweli nilitaka kumsikiliza. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikijiambia huenda damu yangu isingefaa, ndugu wengine hawafanani damu. Nimeishi kwa hiyo huenda. Nilimtazama yule mtoto aliyezaliwa siku ile nikaona siwezi kuendelea nayo mbele yake. Nikanyoosha kidole.

Alipima. Aliangalia kile kigae cha kupimia damu muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni kundi la mama. Ni lile lile."

Asli alinishika kidole akakifunga pamba ingawa damu ilikuwa imekwisha kukauka. Niliinuka nikamwambia Warsame, "Mimi niende nyumbani. Mwambie Ruqiya ampe Bochaberi nauli ya kurudi."

"Keti," akasema.

Nikaketi.

Akasema, "Wewe umejua leo. Mimi nililichukulia hivyo tangu siku ile uliposimama kwenye uzio. Sijawahi hata siku moja kujidanganya kwamba damu yako isingefaa. Nilijua ingefaa, na nilikuwa najua hivyo nilipomwambia mtoto akuandikie uje." Akachukua fimbo yake, akanipa mkono wa pili nimwinue, maana benchi lile ni la chini na magoti yake hayawezi. Nikamwinua. Ni mzito, Warsame.

Akasema, "Twende. Chakula kinapoa, na binti yangu akikasirika anavunja sahani."

Nyasani, mjomba wako